Kulwa Yupo, Doto Hayupo

Siku ya kwanza kazini sikupewa kompyuta. Mhandisi Mkuu, Mkerewe mfupi aliyefunga vifungo vya shati hadi shingoni hata jua liwe kali vipi, alinikalisha mbele ya meza yake akaniuliza kutoka pale Buzuruga, Mwanza, hadi Sengerema kuna njia ngapi.

"Mbili, mzee," nikasema. "Unaweza kushuka mjini ukavukia Kamanga, au ukaenda Kigongo ukavukia Busisi."

"Ipi nzuri?"

"Inategemea." Nikajisikia vibaya, maana nilikuwa nimefundisha hesabu sekondari miaka kumi na moja, na mwalimu wa hesabu hapendi neno hilo. "Inategemea foleni ya kivuko, na mzigo ulionao, na saa utakayofika."

"Foleni utaijuaje kabla hujafika?"

"Nitakisia."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako," akasema. "Karibu."

Neema, binti anayekalia kiti changu sasa, ndiye aliyeniomba niandike haya. Alikuta jaribio moja la zamani ndani ya programu yetu, lenye majina matatu ya watu, akataka kulifuta kwa sababu hakuona kazi yake. Nilimwambia asiguse. Akauliza kwa nini, nikamwambia ni hadithi ndefu. Akasema, "Mama, umestaafu, muda unao." Ana mdomo huyo binti, lakini hakukosea. Nitamweleza yeye na wenzake kazi tulivyoifanya, na jinsi mtoto mmoja wa ng'ambo ya ghuba alivyokaribia kupotea kwa ajili ya usafi wangu.

Kampuni yetu ilikaa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tulitunza seva ya kanzidata, yaani programu inayohifadhi taarifa katika majedwali na kujibu maswali yanayohusu taarifa hizo. Waliitumia wenye viwanda vya kuchambua pamba, wasindika samaki, vituo vya afya. Sasa, mtu anayeuliza swali kwenye kanzidata husema anataka nini tu. Anasema, nipe watoto ambao hawajapimwa uzito mwezi huu. Hasemi uanzie jedwali gani, upite wapi, ulinganishe nini na nini. Hayo huamuliwa na sehemu moja ya seva ambayo sisi tuliiita mpanga-njia. Yeye hutazama njia zote zinazowezekana, hukadiria kila moja itachukua kazi kiasi gani, kisha huchagua iliyo nyepesi. Hufanya hivyo kabla hajaona foleni. Nilitumikia mpanga-njia huyo hadi nywele zangu zikawa nyeupe, na bado kuna siku alinishangaza.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa dawati la malalamiko. Juu ya dawati hilo kulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na desturi ya ofisi ilikuwa kwamba hakuna mtu anayegusa msimbo, yale maandishi ambayo kompyuta huyafuata, kabla hitilafu haijaandikwa humo kwa mkono. Upande wa kushoto uliandika nini kimetokea. Upande wa kulia uliandika nani alisubiri. Hukuruhusiwa kuandika "mteja". Uliandika jina la mtu na mahali alipokuwa amekaa. Kama humjui, ulipanda gari ukaenda kumwona. Nilidhani ni visa vya mzee mmoja asiyependa simu. Nilicheka, kimoyomoyo, kwa kuwa nilikuwa mgeni.

Mtu wangu wa kwanza upande wa kulia alikuwa babu mmoja wa Magu. Alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi hadi adhuhuri huku karani akitafuta kadi yake kwa tarehe ya kuzaliwa. Sisi wa huku tunajua mambo ya tarehe za wazee. Karani akikuuliza ulizaliwa lini, unamwambia mwaka ule wa nzige, naye anakuandikia tarehe mosi Januari ili maisha yaendelee. Ukifungua jedwali lile utadhani wazee wote wa wilaya walizaliwa siku moja na mkunga alikuwa mmoja. Mpanga-njia hakuyajua hayo. Alidhani watu wamegawanyika sawasawa katika siku za mwaka, akakadiria kwamba tarehe hiyo ina watu wachache, akachagua njia ya kuwafuata mmoja mmoja. Akawafuata mmoja mmoja, maelfu, babu akiwa benchini.

Tulipolipata kosa, Mhandisi Mkuu aliniambia, "Mpanga-njia si mpumbavu. Amedanganywa na takwimu. Usimpige, mpe habari."

Nikahamishiwa chumba cha takwimu, na huko nilikaa miaka sita. Kazi yetu ilikuwa kumpa habari. Seva haiwezi kuhesabu kila mstari wa jedwali kila mara, kwa hiyo huchota sampuli, mistari michache ya kubahatisha, na kutokana na hiyo hukadiria jedwali zima lilivyo. Takwimu hizo huchakaa. Pacha wangu Kulwa, mkulima wa mpunga kule Sengerema, hadi leo akija Mwanza hutoka nyumbani saa nzima kabla ya wakati kwa ajili ya foleni ya kivuko, ilhali daraja la Kigongo hadi Busisi limeshafunguliwa. Ukimuuliza anasema, "Huwezi kujua." Huyo ni mpanga-njia ambaye takwimu zake hazijasasishwa.

Ndiyo, nina pacha. Mimi ni Doto. Kwa asiye wa huku, Kulwa ni yule anayetangulia kuzaliwa, Doto ni anayemfuata, na ukisikia moja ya majina hayo unajua mwenzake yupo au alikuwepo. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa kuwa mimi mwenyewe nililisahau.

Kulikuwa na desturi ya pili ofisini, nayo ndiyo iliyonitia mashakani. Ili kupima programu unahitaji taarifa za kupimia, na hairuhusiwi kutumia taarifa za wagonjwa wa kweli. Mhandisi Mkuu alitaka kila mhandisi ajenge kijiji chake cha majaribio kwa watu anaowajua: majirani, wajomba, kina mama wa sokoni, tarehe zimebadilishwa. Alisema mtu akibuni majina kichwani hubuni watu wanaofanana mno. Kwa hiyo ndani ya kompyuta zetu mlikuwa na vijiji, na kila mmoja wetu alikuwa na wakwe zake humo. Nami nilimwingiza mama yangu, na chini yake nikamwingiza mtoto wake Kulwa.

Sikujiingiza mwenyewe. Kwetu mtu anayejitaja kwanza huonekana hana adabu. Nilipofika mahali pa jina langu niliona haya, kama mtu anayejipakulia nyama mbele ya wageni, nikaruka. Hakuna aliyeniambia niruke.

Baadaye nilipewa mpanga-njia mwenyewe. Mhandisi Mkuu alikuwa amekaribia kustaafu, na ilijulikana kwamba kazi ile nikiifanya vizuri nitaongoza kitengo. Kazi ilikuwa kuupanga upya msimbo. Maana yake ni kusafisha yaliyo ndani bila kubadili majibu yanayotoka nje, kama fundi anayebadilisha mabomba ya nyumba huku wenyewe wakiendelea kuoga. Msimbo wa mpanga-njia ulikuwa umeandikwa na mikono mingi kwa miaka mingi. Palikuwa na kipande kimoja kirefu hata ukikisoma asubuhi, saa ya chai hujui ulianza na nini. Niliukata, nikaupa majina, nikatupa yaliyokufa. Nakiri nilifurahia mno. Nilikuwa nafika kazini nikiimba.

Katika kusafisha nikakuta vipande viwili vidogo vinavyofanana. Kila kimoja kilijibu swali hili: je, mistari ya jedwali hili inatofautiana yote katika safu hizi, au inaweza kujirudia? Vilikuwa na majina yanayokaribiana na mistari karibu ileile. Nikasema moyoni, huu ni uvivu wa mtu fulani aliyenakili. Nikafuta kimoja, na mahali pote kilipokuwa kikiitwa nikaweka mwenzake.

Kile nilichokifuta kilikuwa kinatazama sheria. Kilijibu ndiyo pale tu ambapo mwenye jedwali alikuwa ametamka kwamba mistari haitajirudia, na seva yenyewe inakataa kurudiwa. Kile nilichokibakiza kilitazama sampuli. Kilijibu ndiyo ikiwa katika sampuli hakikuona kurudiwa. Kimoja kilikuwa kiapo na kingine makadirio, nami nilivifanya kitu kimoja kwa sababu sura zao zilifanana.

Nikaendesha majaribio yote. Yakapita, vijiji vyote, kijani tupu, rangi ya kufaulu. Tukatoa toleo jipya, na vituo vitatu vya afya vikalipokea kwanza, kabla ya wateja wengine. Mkurugenzi wetu alinunua sambusa za ofisi nzima. Alikuwa mama wa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa mjini tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake kilitushinda wengi wetu. Alinipa mkono akasema, "Doto, umetutoa vumbi."

Wiki ya saba simu ikapigwa kutoka kituo kimoja cha afya ng'ambo ya ghuba. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Dawati la malalamiko lilimwambia akague uingizaji wake wa taarifa. Akapiga tena siku ya pili, akataka azungumze na mtu anayejua, wakaniletea mimi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Orodha yenu imeharibika."

"Imeharibikaje, mama? Inachelewa?"

"Haichelewi. Inakuja haraka kweli kweli. Lakini haiko sawa. Inanikosea watoto."

Nilimwambia toleo limepimwa. Nilimwambia tumelipima sana. Nasikia sauti yangu hadi leo, ile sauti ya mwalimu anayemwambia mzazi kwamba mtoto ndiye hakusoma. Nikasema labda makarani walisahau kuwaingiza. Yeye akasema, "Haya mwanangu," akakata.

Mhandisi Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. "Upande wa kulia wa daftari umeandika nani?" akauliza.

"Sijaandika, mzee. Sidhani kama ni hitilafu."

"Nenda ukamwone."

"Mzee, ni kutwa nzima. Nikimwomba anitumie picha ya orodha..."

"Doto. Nenda ukamwone."

Nilivukia Kigongo nimenuna. Nilifika kliniki ikiwa imejaa, akina mama ukumbini, mizani ya kuning'iniza watoto imefungwa kwenye boriti, mtoto mmoja akipiga kelele ndani ya kaptula ya kupimia. Muuguzi alikuwa mama wa Kisukuma mnene, miwani juu ya kichwa. Hakunikaribisha maji. Aliweka mezani orodha iliyotoka kwenye mashine, na pembeni yake daftari lake la mkono lililofungwa kwa uzi.

Orodha ile huonyesha kila mtoto na mara ngapi amepimwa uzito. Wasiopimwa mara za kutosha, mhudumu wa kijiji huwafuata nyumbani. Muuguzi akaweka kidole kwenye daftari na kingine kwenye orodha, akaanza kusoma.

"Kulwa yupo, Doto hayupo. Huyu Kulwa wa Nyamizi yupo, Doto hayupo. Kulwa huyu yupo, Doto hayupo." Akashusha miwani. "Halafu huyu Kulwa, tazama, amepimwa mara tisa ndani ya miezi sita. Mtoto gani huyo anapimwa kama pamba?"

Hapo nikalijua kosa. Mashine ilitakiwa ipange vipimo vya uzito katika makundi kwa namba ya mama, tarehe ya kuzaliwa na jina la mtoto. Mpanga-njia ana ujanja halali wa kurahisisha: kama namba ya mama na tarehe peke yake zinatosha kumtambulisha mtoto, jina halina haja katika kupanga makundi, alitupe. Na kipande changu kilimwambia zinatosha. Katika sampuli yake hakuona mama aliyezaa wawili siku moja. Akalitupa jina. Kila jozi ya mapacha ikawa mtoto mmoja, kwa jina lililoandikwa kwanza, la Kulwa, na kupimwa kwao kukajumlishwa.

"Tumeuliza wilayani, wakasema ni mtandao," muuguzi akaendelea. "Mtandao gani unaochagua Doto peke yao? Nyinyi huko Mwanza hamna mapacha?" Akanitazama vizuri. "Samahani, sikukuuliza. Unaitwa nani, mwanangu?"

Nilitamani kudanganya. "Doto," nikasema.

Hakucheka. Alinyanyuka, akanishika kiwiko, akasema, "Njoo umwone mwenzako."

Katika chumba cha pili mama mmoja kijana alikuwa amekaa na watoto wawili. Kulwa alikuwa amepata homa mfululizo, ikabidi yeye aletwe kliniki kila mara, na Doto akaachwa kwa bibi yake kijijini, mbali na barabara. Mara mbili hakuletwa. Wakati wa kawaida jina lake lingetoka kwenye orodha na mhudumu angemfuata. Safari hii kupimwa kwa Kulwa kulimfunika. Muuguzi ndiye aliyemkumbuka kichwani, akatuma pikipiki. Nilipofika alikuwa na siku mbili pale. Muuguzi alizungusha ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, wenye rangi tatu, akauvuta ukasimama kwenye nyekundu.

"Atapona," akasema. "Tumeanza kumpa chakula cha dawa, anakula. Lakini ningechelewa wiki mbili, sijui."

Nimeona mambo mengi katika maisha yangu na sikuwahi kuona aibu kama siku hiyo. Mtoto alikuwa macho tu, macho makubwa, akinitazama bila kulia. Nilimwambia mama yake kwamba kosa ni letu. Sikujua nimweleze vipi. Nikasema mashine iliwahesabu wanao wawili kama mmoja na mimi ndiye niliyeifundisha. Akaniambia, "Hata bibi yao huwachanganya." Alitaka kunifariji, na hapo ndipo nilipolia.

Nikiwa kwenye kivuko cha kurudi nilifungua daftari langu dogo na kuandika maelezo ya marekebisho yatakayotumwa kwa wateja. Niliandika: "Maboresho madogo katika upangaji wa makundi." Ndiyo, niliandika hivyo, macho bado mekundu. Mtu anaweza kulia kwa kweli na bado akatafuta mahali pa kujificha. Nilijua kile kiti cha uongozi kinanisubiri, na nilijua neno "madogo" litakilinda.

Mhandisi Mkuu alisoma karatasi hiyo asubuhi, mimi na Mkurugenzi tukiwa tumesimama. Akachukua kalamu akakata neno "madogo", kisha akakata "maboresho".

"Vituo vitatu vina toleo hili," akasema. "Vingapi vina mapacha?"

"Vyote, mzee."

Mkurugenzi alikaa. "Tukisema tumekosea, kuna watakaotuacha," akasema polepole. Kisha akajijibu mwenyewe, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Doto, piga simu. Piga wewe, usimpe mtu wa dawati."

Nikapiga zote tatu, nikisema wazi: orodha ya watoto ya wiki saba zilizopita si sahihi, pacha mmoja katika kila jozi hayumo, tafadhali wafuateni kwa madaftari ya mkono leo, msingoje marekebisho. Kituo kimoja kilinitukana. Kingine walinishukuru, na hilo liliniuma zaidi. Watoto waliokosekana walipatikana wote, na aliyekuwa hali mbaya alikuwa yule mmoja.

Kisha nikakaa kurekebisha. Nilikirudisha kipande nilichokifuta. Safari hii nikavipa vile vipande majina ambayo hata mlevi hawezi kuyachanganya: kimoja "kimeapishwa", kingine "kinakadiriwa". Juu yao nikaandika kwa herufi kubwa kwamba makadirio yaruhusiwe kuchagua njia, yasiruhusiwe kamwe kubadili jibu. Mpanga-njia akikadiria vibaya, mtu atasubiri. Akiapa vibaya, mtu atapotea. Hilo ndilo somo zima la kazi yangu, na ningekuwa na uwezo ningelibandika ukutani kwa kila kijana anayeanza.

Lakini hitilafu haihesabiwi kuwa imepona hadi uwe na jaribio linaloshindwa kwa msimbo mbovu na kupita kwa msimbo mzima. Mhandisi Mkuu alivuta kiti akakaa karibu yangu.

"Nifungulie kijiji chako," akasema. Nikafungua. Akasoma taratibu. "Huyu mama mwenye mtoto mmoja ni nani?"

"Mama yangu."

"Na mtoto?"

"Kulwa."

"Kulwa asiye na Doto?" Akanigeukia. "Mna watu wangapi humu ndani, ofisi nzima, na mapacha pekee tuliokuwa nao ni nyinyi wawili. Ulikwenda wapi?"

"Nilijiacha, mzee," nikasema. "Niliona kujiandika ni kujikweza."

Nilidhani atanigombeza, na ningeona afadhali. "Adabu hiyo ni nzuri," akasema. "Ipeleke mezani, ipeleke msibani. Huku usiilete. Huku anayejiacha anawaacha na wanaofanana naye. Andika."

Nikaandika jina langu chini ya jina la kaka yangu, mama mmoja, tarehe moja. Nikaendesha jaribio kwa msimbo mbovu. Likarudi jekundu, mstari mmoja tu, Kulwa. Nikaendesha kwa msimbo mpya, ikarudi mistari miwili. Hilo, Neema, ndilo jaribio lenye majina matatu. Majina hayo ni mama yangu na sisi wanawe.

Kiti cha kitengo nilikipata. Nilipomuuliza Mhandisi Mkuu kwa nini, siku anaondoka, alisema, "Wewe hutasahau," akafunga kifungo cha shingo akashuka ngazi. Niliongoza hadi mwaka nilioaga. Nilifuta msimbo mwingi baada ya hapo, na ninaamini bado katika kuupanga upya, maana nyumba isiyofagiwa huzaa nyoka. Ila kila nilipokuta vitu viwili vinavyofanana niliwaambia vijana wangu wavitenganishe kwanza, wajue kila kimoja kilizaliwa kwa shida gani, ndipo waseme kimoja hakina kazi. Siku hizi kuna mashine zinazowaandikia msimbo na kuusafisha kwa dakika. Sizichukii. Nazionea wivu kidogo. Lakini daftari bado lipo mezani, na upande wa kulia mashine haiwezi kuujaza. Lazima mtu apande gari.

Nilipostaafu nilikwenda kukaa siku chache kwa Kulwa. Nilivuka darajani, ghuba yote chini yangu kwa dakika chache tu, nikafika mapema hata nikamkuta bado anapiga mswaki. "Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kisukuma, naye akalalamika kwamba sikumpa muda wa kufagia. Alhamisi yake nikaenda kliniki kumwona muuguzi. Amezeeka, miwani bado iko kichwani. Aliniweka kwenye benchi pamoja na akina mama, akasema ngoja kwanza nimalize watu wangu, nami nikangoja kama mtu mwingine yeyote.

Pembeni yangu alikaa msichana mwenye sare ya shule, mrefu, goti lina kidonda cha kuanguka. Alikuwa amemleta mdogo wake kupimwa. Kaka yake alisimama mlangoni, mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima, akila muwa. Nilimtazama yule msichana macho, nikayajua.

Muuguzi alitoka na orodha mkononi, imetoka kwenye mashine yetu muda huohuo, akaanza kuita. Aliita majina kadhaa. Kisha akaita, "Kulwa!" na mama mmoja akanyanyuka na mtoto mgongoni.

"Doto!"

Yule mama akainua mkono, maana mwenzake alikuwa amembeba kifuani. Msichana wa pembeni yangu akaitika kwa mazoea, "Abee." Na mimi, bibi mzima, nikaitika pia. Ukumbi wote ukacheka. Muuguzi alinitazama juu ya karatasi, akapiga alama mbele ya jina, akaendelea kuita.